Tawi la Upande wa Salimu

Jumapili, 10 Oktoba 1993

Inatangazwa rasmi kwa wakazi wote wa Chang'ombe ya Dodoma, wakubwa kwa wadogo, kwamba leo asubuhi baada ya ibada ya kwanza, ukwaju mmoja mkavu uliachana na tawi lake na kutumbukia katika kikombe cha chai cha Bwana Salimu. Hakuna aliyejeruhiwa. Chai imemwagwa. Uchunguzi unaendelea, na mshukiwa mkuu ni mimi.

Maana mti ni wangu. Shina liko ndani ya uzio wangu wa minyaa. Nilipopewa kiwanja niliukuta umesimama, ukanitazama kama mpangaji mpya. Lakini tawi lake kubwa, nene kama kiuno cha mtu mzima (si kiuno changu, hicho ni shina), limevuka uzio, limepita juu ya uwanja, juu ya kibanda cha mke wangu, Mama Neema, likaenda kulalia nyumba ya Salimu. Na hasa chumba cha mama yake mzazi.

Salimu anataka likatwe. Anasema bovu. Anasema hivyo tangu mwaka jana, tangu aezeke bati jipya. Zamani nyumba yake ilikuwa tembe la udongo kama yangu, ukwaju ukianguka hausikiki. Tangu biashara zifunguliwe yeye ni mtu wa duka la misumari na saruji, mimi bado mtu wa mafaili. Sasa kila ukwaju ukianguka juu yake ni "ta!", na kila "ta!" inanihusu.

Nimemwambia nitamdai bei ya juisi ya ukwaju aliyoimwaga. Kacheka nusu. Nusu nyingine kabaki nayo.

Jumanne, 12 Oktoba

Kazini fununu zile zile. Serikali inapunguza watu. Masijala tuko wanne na tunafanya kazi ya mtu mmoja na nusu. Nadhani ile nusu ni mimi.

Kwa hiyo niandike wazi hapa kwa nini sitaki tawi likatwe. Si kwa kupenda miti. Jina la mti mwingine zaidi ya mkwaju na mwarobaini silijui. Ni kibanda. Mama Neema anapika chini ya tawi lile, ugali na mlenda, maharage, chapati za asubuhi. Mafundi na makarani wanakuja kwa sababu ya kivuli. Chakula kipo kila kona siku hizi. Kivuli hakipo. Dodoma hii, Oktoba hii, mtu atakula hata mawe akipata pa kukaa. Mshahara wangu ukikatika, tunaishi kwa tawi.

Salimu anajua hivyo. Mimi najua kwamba mama yake analala chini ya tawi. Ndiyo maana tunataniana badala ya kuzungumza.

Jioni Bi Mwajuma, mama yake Salimu, alikaa pale pale chini na kigoda chake, anabambua karanga. Nikamwamkia. "Marahaba, mume wangu mdogo," akasema. "Mbona umekonda? Mke mwenzangu hakulishi?" Mama Neema akajibu toka jikoni kwamba mume huyo anaweza kumchukua, na begi lake la mafaili amwongezee. Bi Mwajuma akasema hapana, ataliweka wapi tumbo lile.

Nampenda yule bibi. Yeye hataki tawi likatwe. Mwanawe anataka kwa ajili yake.

Alhamisi, 14 Oktoba

Salimu kaniita. Hakutania. Kanionyesha ufa kwa kidole, toka chini.

Nilipanda juu ya pipa nikaangalia. Mstari mweusi, unaanzia tawi linapotoka kwenye shina, unakwenda urefu wa mkono wangu. Ndani kuna udongo wa mchwa. Nilishuka kwenye pipa kwa namna isiyofaa kuandikwa.

Siku zote nilikuwa na jibu. Leo nilirudisha pipa mahali pake, nikaingia ndani.

Sikumwambia Mama Neema.

Jumamosi, 16 Oktoba

Nimemwambia. Amenyamaza. Mama Neema akinigombeza najua mambo ni mazuri. Akinyamaza nakaa mbali na mwiko.

Nilikwenda Kizota kumtafuta fundi. Kaja, jina lake Mazoya, mtu wa mbao na vinu, mrefu, anatembea na penseli sikioni ambayo sijaona akiandikia. Alizunguka mti mara nyingi. Alilipiga tawi kwa kisigino cha shoka, akasikiliza kama daktari. Kisha akasema, "Mzee, tawi hili linakula watu."

Nikamuuliza lini. Akasema tawi halina saa.

Ananipa nafuu: hataki malipo, anataka gogo. Mkwaju unatoa vinu vizuri. Nilifikiri baadaye, kama ni bovu vinu atavitoa wapi? Sikumuuliza. Niliogopa jibu lolote litakaloniachia kazi ya kuamua tena.

Bi Mwajuma alitusikiliza, fundi, Salimu na mimi, tukizungumza. Akauliza, "Mkikata mimi nitakaa wapi?" Wanaume watatu, tukatazama juu.

Jumatatu, 18 Oktoba

Kata. Usikate. Nimeamka na moja, nimelala na nyingine. Ofisini nimegonga muhuri wa "Imepokelewa" kwenye mkono wangu mwenyewe.

Leo kibanda kilijaa. Niliwahesabu watu kwa macho ya mtu mwingine, nikiwaza tawi likiachia litampata nani kwanza. Yule karani mwenye shati la mitumba lililoandikwa kizungu. Yule dereva. Mama Neema mwenyewe ameinamia sufuria.

Naogopa. Basi. Nimeandika.

Jumatano, 20 Oktoba

Nimekata shauri. Likatwe. Nilivuka uzio nikamwambia Salimu: fundi aje Jumamosi. Alinipa mkono, akaushika sana. Akasema atatusaidia kutafuta turubai la kibanda. Mtu mzuri huyu akiacha kutaja bati.

Mama Neema kasema, "Haya." Kisha akasema nisimfanye aonekane mchoyo kwa watu, kwamba eti alipenda biashara kuliko kichwa cha mtu. Hakuna aliyemwambia hivyo. Kajiambia mwenyewe, na imemuuma.

Bi Mwajuma hakutoka nje leo. Mafua, wanasema. Nilimpelekea uji. Yuko kitandani, mdogo kama mtoto. Juu yake bati, juu ya bati tawi. Alisema, "Mume wangu mdogo, ngojeni basi nipone, nikae mara moja tena." Nikasema fundi anakuja Jumamosi, apone haraka. Nilidhani ni utani mzuri.

Jumamosi, 23 Oktoba

Amefariki alfajiri.

Fundi Mazoya alifika na msumeno wa watu wawili, kamba na shemeji yake. Wakati anafungua kamba, kilio kikapanda upande wa pili wa uzio. Hakuuliza. Akazikunja kamba zake, akavua kofia, akasema atarudi atakapoitwa.

Hivyo ndivyo mtaa wetu ulivyo. Msiba ukiwa kwa jirani hupasui hata kuni. Mwenye cherehani anaifunika, mwenye redio anaizima, shoka linalazwa chini mpaka tanga lianuliwe. Mkristo, Mwislamu, haijalishi. Hata walevi wa pombe ya mtama wanapita kimya.

Tumemzika baada ya sala ya alasiri. Nilibeba jeneza zamu mbili. Lilikuwa jepesi. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Ila liko hili. Wanawake wako ndani. Wanaume wanakaa nje. Nje wapi? Chini ya tawi. Walitandika majamvi pale pale bila kuuliza, mahali pekee penye kivuli kati ya nyumba zetu mbili. Ndugu zao wametoka Kondoa, basi zima. Wamekaa bega kwa bega, wengine wamelala. Nilimvuta Salimu pembeni. Nikasema, "Bwana, tawi." Akanitazama na macho mekundu. "Baba Neema, leo usinitajie tawi."

Anajua. Yeye ndiye aliyenionyesha ufa. Lakini nimemwelewa. Mtu aliyefiwa na mama hawezi kusimama kupanga jamvi.

Kwa hiyo limebaki kwangu.

Jumapili, 24 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Nianzie asubuhi, nilipokuwa bado na heshima.

Sikwenda kanisani. Nilikaa na wafiwa. Jirani asiyekaa msibani si jirani. Nikakaa chini ya ufa wenyewe, nikisema kimoyomoyo kwamba kama ni kuanguka, kwangu litakuta godoro. Nilitazama juu mpaka shingo ikauma. Jirani mmoja akaninong'oneza kwamba nikimaliza kumwomba Mungu wangu nishushe macho.

Nilijaribu kuwahamisha kwa adabu. Nilisema viwavi wa mkwaju wanawasha. Hawakujali. Nilisema kuna siafu. Mzee Hamisi, mjomba wake Salimu kutoka Kondoa, mkubwa wa msiba, akainua kona ya jamvi, akatafuta, akairudisha. Nilisema kwaya yetu ina turubai kubwa, nilifunge ng'ambo ya barabara. Mzee Hamisi akaonyesha tawi kwa kidole. "Turubai la nini, mwanangu? Hili Mungu ametuwekea."

Kwa nini sikusema tu kwamba limepasuka? Nilianza, mara mbili. Lakini mtaa mzima unajua nimegombana na Salimu mwaka mzima juu ya tawi hili. Kulitaja msibani ni kufungua kesi juu ya kaburi bichi. Niliogopa watakavyonifikiria. Huo ndio ukweli, hauna mapambo.

Mchana, walipokuwa kwenye dua, kisulisuli kikaja kutoka upande wa reli. Kile kirefu chekundu cha Oktoba, kimebeba mifuko na majani. Kiliingia uwanjani kama mgeni asiyebisha hodi. Tawi likalia. Nimelisikia kwa masikio yangu, mlio mrefu kama mlango wa ghala. Likapanda, likashuka.

Nilipiga kelele. "Ondokeni! Tokeni hapa! Tokeni!" Katikati ya dua. Nilimshika Mzee Hamisi makwapani nikamburuta nje ya jamvi kama gunia. Kofia yake ikaanguka. Nikaikanyaga.

Watu wakakimbia. Vumbi likapita. Ukwaju na majani vikamwagika juu ya majamvi matupu. Tawi likatulia.

Halikuanguka.

Kina mama wametoka mlangoni. Mzee Hamisi akaokota kofia yake, akaikung'uta, akasema taratibu, "Salimu mwanangu, kumbe hiki kivuli mlikuwa mnaazima?"

"Mti wake, bwana," mwingine akasema. "Twendeni."

Na sauti toka nyuma: "Siku hizi kila kitu kimebinafsishwa, hata kivuli."

Wengine walicheka, kicheko kile kibaya. Nikaanza kueleza ufa. Nilisema maneno mengi na hakuna aliyesimama kuyasikiliza. Walikunja majamvi wakavuka barabara, wakakaa juani, kwenye ukuta wa shule. Wazee. Juani.

Salimu alinitazama tu, kisha akawafuata.

Jumatatu, 25 Oktoba

Hitima imesomwa ng'ambo. Sikuitwa. Sikukatazwa pia. Nilikaa ndani.

Mama Neema alikwenda tangu asubuhi kupika na wenzake. Hakuna aliyemsema, na hilo ndilo lililomchosha. Alirudi na sahani ya pilau imefunikwa, wamempa aniletee. Bado wamenikumbuka kwenye sahani. Sikuweza kula.

Akiwa anavua kanga alisimama dirishani, akatazama juu. "Kama ni kuanguka," alisema, "si lianguke leo."

Jumanne, 26 Oktoba

Leo sikwenda kazini. Nimekaa dirishani nikiliombea tawi lianguke. Mtu mzima, mzee wa kanisa, mwenye mvi za kutosha, naomba ukuni uanguke ili nionekane si mshenzi. Hakuna hata upepo. Jani halitikisiki. Kunguru mzima alitua juu yake akarukaruka kunidhihaki.

Kibandani watu wachache. Wanakula, hawaniangalii.

Jioni Salimu alikuja. Hakupita penye upenyo wa uzio kama kawaida, alizunguka mpaka mlango wa mbele, akapiga hodi. Hilo lilinichoma kuliko maneno ya juzi. Hakukaa. "Tanga limeanuliwa," alisema. "Mlete fundi wako kesho. Tukate. Watu waone."

Watu waone. Maana yake kesho tawi ndilo litakalonihukumu. Likiwa tundu ndani, mimi nilikuwa na macho. Likiwa zima, mimi ni yule jirani aliyewafukuza waliofiwa kwa ajili ya mti wake.

Nimekwenda Kizota na kurudi. Mazoya anakuja.

Ee Mungu, na liwe bovu.

Alhamisi, 28 Oktoba

Limekatwa jana.

Mtaa mzima unasema lilikuwa tundu tupu, mkono unapita toka huku mpaka kule. Dereva wa kibandani anasema hata nyoka alitoka. Mzee Hamisi alikuja hapa kwangu kabla ya kupanda basi la Kondoa. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Nisamehe, mwanangu. Nilidhani huna adabu. Kumbe wewe ndiye uliyekuwa na macho." Nikamwambia yamekwisha, mzee. Nikaomba radhi kwa kofia. Akacheka, akasema kofia ni kitambaa.

Watu wanarudi kunisalimia. Bosi wangu masijala, naye kapata habari, kaniita "nabii".

Naishia hapa. Sina hamu ya kuandika.

Jumamosi, 6 Novemba

Joto. Uwanja umekuwa mweupe kwa jua. Sikuwahi kujua uwanja wetu ni mdogo hivi.

Mama Neema amefunga turubai la kwaya. Chini yake ni kama ndani ya sufuria. Wateja wanakula haraka wanaondoka. Zamani mtu alikula sahani moja akakaa kwa mazungumzo ya sahani mbili, akaishia kununua ya pili.

Bati la Salimu halisemi "ta!" tena. Nimegundua nilikuwa naisikiliza.

Jumapili, 21 Novemba

Jana fundi Mazoya kaleta kinu. Zawadi kwa Mama Neema, kutoka kwenye gogo lile. Kwa ajili ya kinu hicho lazima sasa niandike ilivyokuwa, maana humu ndani nilijificha ukweli hata mimi mwenyewe.

Jumatano ile Salimu aliwatuma wote wakawasindikize stendi wageni wa basi la asubuhi, Mzee Hamisi akiwa mbele yao. Nilidhani imetokea tu. Tulibaki wanne: Salimu, mimi, fundi na shemeji yake fundi. Mama Neema alikuwa sokoni. Walipanda, wakafunga kamba, wakakata. Tawi likashuka polepole, likalala uwanjani. Nikakimbilia kule lilikokatwa kabla ya mtu mwingine.

Zima.

Njano pembeni, kahawia iliyoiva katikati, limekaza kama jiwe, halina hata tundu la kupitisha kijiti. Ufa ulikuwa wa gamba. Mchwa walijijengea njia yao nyuma ya gamba wakapita kwenda zao. Hapakuwa na kitu. Tawi lile lingekaa pale mpaka wajukuu wa Neema, na Neema mwenyewe bado yuko shule.

Fundi Mazoya alijikuna kichwa. "Nilisema linakula watu," alisema. "Sikusema limeanza."

Niliketi juu ya tawi. Nilikuwa nimeua kivuli cha mke wangu, nimemburuta mzee wa watu kwenye vumbi, nimekanyaga kofia yake, kwa ajili ya gamba. Na watu walikuwa njiani wanarudi kutoka stendi kuja kuona.

Salimu akainama. Aliweka kiganja pale palipokatwa, akakipitisha taratibu, kama anavyopapasa mbao dukani kwake kabla ya kununua. Kisha akainuka, akamwambia fundi, "Pakia. Sasa hivi, kabla mjomba hajarudi." Walilikata vipande wakavitupa kwenye mkokoteni, wakavifunika na majani. Akaingia dukani, akatoka na kopo la oili chafu, akampandisha shemeji mtu apake kidonda kule juu kwenye shina. Dawa ya mchwa, alisema. Ikawa nyeusi tii. Ukitazama toka chini ungeapa kwamba pameoza.

Mzee Hamisi alipofika, Salimu alikuwa ananawa mikono. "Mjomba," alisema, "tundu tupu. Ungepitisha mkono." Hakunitazama.

Wengine wameongeza nyoka wenyewe.

Jioni ile nilimuuliza kwa nini. Alikuwa amepita penye upenyo wa uzio, njia yetu ya siku zote. "Baba Neema, mwaka mzima nimekwambia bovu, bovu. Sikuwahi kupanda nikaangalia. Sasa ningesema leo ni zima?" Nikacheka, naye akacheka, wote wawili vibaya. Kisha akasema mama yake hakupenda watu wagombane pale chini. Alikuwa akisikia ugomvi anabeba kigoda chake anaingia ndani.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mimi si nabii. Kisulisuli kilikuja, nikaogopa, nikapiga kelele. Kingekuja kingine leo ningepiga tena. Hilo nalo ni kweli, sijui nifanye nalo nini. Lakini mikono miwili ya yule mzee niliipokea nikijua, na kila nikiikumbuka natamani kuandika barua Kondoa, kisha nawaza Salimu ataonekana nani. Siandiki.

Mama Neema alikiweka kinu jikoni. Alikigonga kwa ngumi. Akaingiza mkono ndani, akazungusha vidole, akautoa. Mtu aliyekulia kwenye kutwanga hahitaji kuambiwa kwamba kinu hakichongwi kwenye mti uliooza. "Kizito," alisema. Basi. Akamimina karanga akaanza kutwanga. Nimekaa tangu jana nikisubiri aniulize. Nadhani haulizi.

Leo baada ya kanisa Salimu kaleta mabati mawili ya kuezekea kibanda, yamebaki kwenye nyumba yake, anasema. Tumeyapigilia pamoja. Nimejipiga nyundo kidole mara moja tu. Kuna mawingu upande wa Kondoa, huenda mvua mwaka huu ikawahi.

Tulipomaliza Mama Neema alimpa chai. Salimu akatoka nayo kwenye kivuli cha mabati, akaenda kukaa pale alipokuwa akikaa mama yake, kwenye kigoda chake, katikati ya jua. Nikachukua kikombe changu nikakaa naye. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akatazama juu, muda mrefu.

Hakuna kilichoanguka. Akanywa.